Namba Iliyokwenda Kagunga

Sehemu ya Saba

Mguu mmoja ndani ya boti, mguu mmoja ndani ya ziwa. Hapo ndipo tulipomwacha Selina wiki iliyopita, wasomaji watukufu, na kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba radhi kwa kumwacha mtoto wa watu majini siku saba nzima. Kiatu chake cha kushoto hakijakauka mpaka leo.

Nyuma yake, kwenye mchanga wa Kibirizi, alisimama mama yake mzazi, Mama Eufrasia wa Kasingirima, mikono kiunoni.

"Ukipanda hilo boti, Selina, usirudi kwangu!"

"Narudi kesho, mama."

"Usirudi hata kesho kutwa! Dokta Nikodemu anakupa miezi minne, hapa hapa Ujiji. Unalala kwangu, unakula kwangu. Wewe unataka miaka mitatu Mwanza. Miaka mitatu unasoma nini? Tumbo ni tumbo!"

Boti likanguruma. Mguu wa ziwani ukapanda.

"Na mapacha wa dada yako nani aliwaona?" Mama Eufrasia alipaza sauti juu ya injini. "Si wewe? Siku moja tu kwa Nikodemu ukaona mapacha! Hiyo miaka mitatu si utaona kijiji kizima?"

Abiria walicheka. Selina hakucheka. Alikaa juu ya gunia la mtu na kuanza kuhesabu saa.

Kwa faida ya wale ambao gazeti la wiki iliyopita liliwafikia likiwa limefungiwa vitumbua, tueleze kwa kifupi. Selina, binti wa miaka kumi na tisa, anataka kuwa mtaalamu wa ultrasaundi, yule mtu anayepitisha kidude tumboni na kuona kilichomo ndani. Amechaguliwa chuo cha afya huko Mwanza, stashahada ya radiolojia, miaka mitatu, si kile chuo cha miezi minne cha Dokta Nikodemu alikojaribu siku moja. Ili nafasi iwe yake, lazima aithibitishe mtandaoni kwa namba ya siri yenye tarakimu sita, kabla ya saa kumi kamili jioni ya leo. Ikipita saa kumi, nafasi anapewa mwingine.

Namba hiyo ilitumwa kwa simu. Simu ya nani? Hapo ndipo palipo na msiba. Siku ya kujaza fomu Selina hakuwa na simu, akaandika namba ya shemeji yake, Thobias, mume wa dada yake Agnesi. Thobias alipata ujumbe akiwa Kigoma mjini, akaona tarakimu sita, akajua ni matapeli, akaitia simu mfukoni na kurudi zake kwao Kagunga, pale mpakani kabisa na Burundi. Tangu jana Selina amempigia mara thelathini na moja kwa simu ya mwenye steshenari. Mara zote thelathini na moja, yule dada wa kwenye simu alimjibu kwa adabu kwamba mteja hapatikani.

Basi mteja anafuatwa.

"Kaka, tutafika saa ngapi?" Selina alimuuliza nahodha, bwana mmoja aitwaye Dismasi ambaye alikuwa anakula muhogo kwa mkono mmoja na kuendesha kwa mwingine.

"Tutafika."

"Najua. Saa ngapi?"

"Ile ya kufika."

Injini ilizimika mara ya kwanza mbele ya Mwamgongo. Dismasi akaivua kofia yake, akaipiga injini kwa kofia, ikawaka. Ilizimika mara ya pili mahali ambapo hata kijiji hakuna. Safari hii kofia haikutosha. Walielea, mvua ikawanyea, ikaacha, ikawanyea tena. Jua lilikuwa limejificha tangu asubuhi. Selina hakuwa na saa wala simu. Alikuwa na mkate mmoja kwenye mfuko wa plastiki, zawadi kwa dada yake.

"Kaka Dismasi, nakuomba."

"Dada, hata mimi naiomba."

Hatimaye iliwaka. Boti lilipogusa mchanga wa Kagunga, Selina aliruka kabla halijasimama. Kiatu cha kulia nacho kikalowa, haki ikatendeka.

Alikimbia mpaka nyumbani kwa Thobias. Mlangoni alikuta kizuizi ambacho hakuna mwanafunzi aliyewahi kufundishwa namna ya kukivuka: Bibi Yunisi, mama yake Thobias, ameketi kwenye kigoda katikati ya mlango.

"Mwidiwe, bibi. Shikamoo."

"Rudia."

"Nirudie nini, bibi?"

"Umemsalimia mmoja. Wa pili amekukosea nini?"

Selina akakumbuka. Katika ukoo huu, mapacha wakishatajwa, hakuna kitu kimoja kinachovuka mlango. Kila kitu kinaingia kwa jozi, mpaka watoto wazaliwe na kupewa majina yao, Bukuru kwa wa kwanza na Butoyi kwa wa pili. Ndani alikuwa anaona mikeka miwili mipya, mabakuli mawili, beseni mbili. Hata mbuzi aliyefungwa uani alikuwa ameazimiwa mwenzake kwa jirani, na wote wawili walikuwa wanatazamana kwa chuki.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo tena, bibi."

"Marahaba. Marahaba. Sasa ndiyo wewe, daktari wetu! Macho yako yalipita ngozi yakamwona Bukuru, yakamwona na Butoyi. Karibu ndani." Kisha bibi akautazama mfuko. "Hiyo mikate mingapi?"

"Mmoja, bibi, lakini nina haraka sana, namtafuta shemeji..."

"Mmoja! Nyumba ya mapacha, mkate mmoja! Unataka Butoyi azaliwe na njaa? Rudi dukani."

Wasomaji, mtu mwenye akili timamu angeutupa mkate. Selina hakuwa na akili timamu, alikuwa na hofu. Alikimbia dukani, akarudi na mkate wa pili, akaipitisha yote miwili kwa pamoja kama karani anayewasilisha nyaraka za serikali. Bibi Yunisi akakisogeza kigoda.

Thobias alikuwa ndani, anapiga misumari kitanda cha pili cha mtoto.

"Shemeji! Umetokea wapi?"

"Shemeji, simu yako. Ule ujumbe wa tarakimu sita. Umeufuta?"

"Ule wa matapeli?"

"Si matapeli! Ni chuo!"

Thobias akaacha nyundo hewani. Akaitoa simu mfukoni, kioo kimepasuka pembeni, akatafuta huku anang'ata ulimi. Selina hakupumua.

"Upo."

Selina alilia papo hapo, kidogo, kwa namna ya mtu asiye na muda wa kulia vizuri. Akaishika simu kwa mikono miwili. Tarakimu zilikuwepo zote. Juu ya kioo saa iliandika 14:05. Saa nane na dakika tano! Bado karibu saa mbili nzima! Ziwa lote lile, injini yote ile, na bado Mungu alikuwa amemwekea akiba.

"Intaneti iko wapi hapa?"

"Hapa chini huipati. Panda kwenye jabali nyuma ya shule, kule juu. Mtu mwenye haraka ni dakika ishirini."

Alikuwa ameshageuka aliposikia sauti ya dada yake kutoka chumbani.

"Selina? Ni wewe kweli?"

Agnesi alitoka taratibu, mkono mmoja mgongoni, tumbo la miezi minane likimtangulia. Alimkumbatia mdogo wake kwa ubavu, maana kwa mbele haikuwezekana.

"Umekuja siku njema, mdogo wangu. Zahanati kuna mtaalamu kutoka mjini, amekuja na mashine ya kubeba mkononi. Leo ndiyo anamaliza. Twende unishike mkono. Nataka kuisikia mioyo yote miwili."

Selina alitazama simu. Saa nane na dakika nane.

"Twende. Ila haraka, dada."

Mtaalamu aliitwa Aikande, mwanamke mrefu wa kutoka Kilimanjaro aliyepangiwa kazi Kigoma, na hakuwa mtu wa maneno. Alimlaza Agnesi, akapaka jeli, akaanza kupitisha kile kidude. Selina alisimama nyuma yake na kusahau kwa muda kwamba ana haraka. Mkono wa Aikande ulikwenda polepole, ukasimama, ukainama kidogo, ukarudi, ukapita tena palepale. Kwa Nikodemu mkono ulikuwa unakwenda kama mtu anayepiga pasi.

Aikande alimgeukia Agnesi.

"Ni nani aliyekwambia una mapacha, mama?"

"Huyu hapa!" Agnesi alimwonyesha kwa fahari. "Mdogo wangu wa damu."

Aikande aligeuza shingo. "Umesomea wapi?"

"Bado sijasoma. Nilipewa siku moja ya majaribio, kwenye chuo kimoja Ujiji."

"Siku moja."

"Ndiyo, dada."

"Sogea hapa. Hiki ni nini?"

Selina alikitazama kioo. Duara jeupe, limezungushwa vizuri. "Kichwa."

"Sasa usitazame kioo. Tazama mkono wangu." Mkono ukahama, ukazunguka tumbo, ukaja kuinama upande wa pili. "Na hiki?"

"Kichwa cha pili."

"Ni kile kile. Nimekifuata kutoka upande mwingine." Aikande alisema bila kupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angefoka. "Mtoto ni mmoja. Ulimhesabu mara mbili."

Agnesi aliinua kichwa kwenye mto. "Mmoja?"

"Mmoja, mama, na moyo wake ni mzuri. Msikie." Chumba kikajaa mapigo ya haraka haraka. "Ingekuwa ni hilo tu, tungecheka sote tukaenda nyumbani. Shida ni hii hapa." Akaonyesha wingu la kijivu sehemu ya chini ya kioo. "Hili ni kondo la nyuma. Limekaa chini kabisa, limeziba mlango wa mtoto kutokea. Uchungu ukianza akiwa nyumbani, damu itatangulia kabla ya mtoto, na hapa hakuna wa kuizuia. Huyu anazaa kwa upasuaji, hospitali. Anapanda boti leo."

Selina alishika ukingo wa kitanda.

"Hukuliona?" Aikande aliuliza.

"Sikujua kwamba natakiwa kulitafuta."

"Basi hiyo ndiyo miaka mitatu. Unafundishwa cha kutafuta."

"Nimechaguliwa, dada. Mwanza, radiolojia. Namba ninayo hapa. Mwisho wa kuthibitisha ni leo saa kumi."

Kwa mara ya kwanza Aikande alipandisha sauti. "Na umesimama hapa kunitazama mimi? Kimbia!"

Saa ya simu: 14:34. Selina alikimbia. Alikimbia hatua nne. Ya tano haikupatikana, kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama Bibi Yunisi, na nyuma yake Thobias na nusu ya akina mama wa Kagunga waliokuja kusikiliza mioyo miwili.

"Nimesikia neno boti," bibi alisema. "Boti la nani?"

"La mkwe wako, bibi," Aikande alijibu. "Anatakiwa hospitali leo hii. Na mtoto ni mmoja, si wawili."

"Mapacha wa ukoo huu wanazaliwa juu ya ile mikeka miwili. Mimi nimewazalisha mwenyewe, mara tatu."

"Bibi, nimeona kwa macho yangu."

"Wewe umetoka Kilimanjaro na sanduku lako, jioni unaondoka. Huyu binti ni damu moja na mgonjwa. Yeye aliona wawili. Nimwamini nani?"

"Bibi anasema kweli," mama mmoja akadakia. "Ndugu hawezi kukosea tumbo la ndugu."

Macho yote yakamwangukia Selina.

Hebu tusimame hapa kwa heshima, kama wanafunzi gwaride linapoamriwa kutulia. Njia ya kwenda jabalini ilikuwa wazi, upande wa kushoto, kati ya ukuta wa zahanati na choo. Angeweza kupita. Angeweza kusema "msikilizeni mtaalamu," akaenda zake, namba mkononi, miaka mitatu mbele yake. Lakini alijua watu wale hawatamsikiliza Aikande hata akizungumza mpaka asubuhi. Maneno yaliyomfunga Agnesi kwenye ile mikeka yalitoka mdomoni mwa Selina, na hakuna mdomo mwingine ambao ungeweza kuyafuta.

Alitazama simu. Zaidi ya saa nzima. Inatosha, alijiambia.

"Bibi," alisema. "Mimi ndiye mwenye kosa. Siku ile niliona kichwa, nikasogeza mkono, nikakiona tena, nikapiga kelele wawili. Dokta Nikodemu akapiga makofi. Kila mtu akapiga makofi. Nilifurahi mno, sikurudia kupima. Mtoto ni mmoja. Na akizaliwa nyumbani, dada yangu atakufa. Mimi ndiye nitakuwa nimemuua."

Mbuzi mmoja alilia mbali, na mwenzake hakumjibu.

"Shemeji," Thobias alisema taratibu. "Nimetangaza kijiji kizima. Watu wameniita baba wa wawili wiki mbili hizi. Leo unaniambia Butoyi hayupo?"

"Hakuwahi kuwepo, shemeji. Nisamehe."

"Ulitubembeleza tukuamini?"

"Hapana. Mliniamini tu. Hiyo ndiyo mbaya."

Thobias aliinua mkono, na Selina akafumba macho. Mkono haukushuka juu yake. Ulikwenda ukutani, ukapiga mara moja, chokaa ikadondoka.

Bibi Yunisi aliketi chini, palepale kizingitini.

"Nimemwimbia," alisema. "Kila jioni. Wimbo wa Bukuru, halafu wa Butoyi. Nimemwimbia mtu ambaye hayupo." Machozi yakamshuka, na akina mama wakaanza kulia naye, kilio cha kweli, cha mtoto aliyekufa bila kuzaliwa wala mimba yake kutungwa. Selina alisimama katikati ya kilio hicho kama mshtakiwa, kila dakika ikidondoka, hana nguvu ya kuitazama saa.

Ghafla bibi akajipangusa kwa upindo wa kanga.

"Basi. Huyo mmoja aliyepo asije akatuponyoka kwa kulia. Thobias, mbebe mkeo. Dismasi asiondoke. Akikataa, mwambieni mimi nitakuja mwenyewe nimtoe hiyo kofia."

Thobias akaingia ndani, akatoka amembeba Agnesi. Alipompita Selina hakumtazama. Alisema tu, "Simu nenda nayo. Mimi mikono yangu ina kazi."

Saa nane na dakika hamsini.

"Tunapanda wote," Aikande alisema, akifunga viatu. "Nami lazima niwapigie hospitali wamngoje gatini na damu."

Walipanda. Njia ilikuwa tope jekundu lililonyeshewa, na kwa kila hatua tatu Selina alirudi moja. Alianguka kwenye kisamvu cha mtu, akainuka. Alianguka tena, simu ikiwa juu, mkono umeinuliwa kama anayeapa mahakamani. Aikande alimshika kwapa akamvuta.

"Pumua."

"Nitapumua Mwanza."

Jabali lilikuwa nyuma ya madarasa, jeusi, limeng'aa kwa makalio ya vizazi vya watu waliokwenda pale kupiga simu. Selina alipanda kwa magoti. Akatazama kioo. Saa tisa na dakika tisa, mtandao hakuna. Akainua simu juu zaidi. Hakuna. Akasimama kwenye ncha kabisa, mahali ambapo mtu mwenye mama hasimami.

Simu ikatetemeka. Vijiti viwili vya mtandao vikajitokeza, vikawa vitatu. Ujumbe ukaanza kuingia mfululizo, zile simu thelathini na moja za tangu jana, moja baada ya nyingine.

"Umeshika!" Selina alipiga kelele.

Na palepale, mbele ya macho yake, saa ikaruka.

Ilikuwa 15:09. Ikawa 16:09.

Selina aliitikisa simu. "Imeharibika. Dada Aikande, simu imeharibika, imeongeza saa yenyewe. Yako inasema ngapi?"

Aikande aliitoa ya kwake. Nayo ilikuwa imeshika mtandao sekunde ile ile. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma tarakimu nne.

"Selina."

"Niambie ngapi!"

"Kumi na dakika tisa. Hii ndiyo saa yetu." Akafumba macho. "Kule chini simu zinavutwa na mnara wa Burundi. Wenzetu wako nyuma yetu saa nzima. Nilipofika juzi walinionya, nikasahau. Nimekutazama ukihesabu dakika, na nikasahau."

Ndiyo maana mteja hakuwa anapatikana. Mteja alikuwa nchi nyingine.

Selina alifungua ukurasa wa udahili, vidole vimejaa tope, akaingiza tarakimu moja moja, taratibu, kwa usafi, kama mtu anayeamini kwamba adabu itasaidia. Akabonyeza. Gurudumu likazunguka. Maandishi yakatokea: muda wa kuthibitisha umekwisha. Akaingiza tena. Umekwisha. Akaingiza mara ya tatu.

"Acha," Aikande alisema.

"Kuna awamu ya pili?"

"Inafunguliwa kama nafasi zimebaki."

"Za radiolojia zinabaki?"

Aikande alilitazama ziwa. Chini kabisa, watu wadogo kama mchwa walikuwa wanampandisha Agnesi kwenye boti. "Mimi sijawahi kuona," alisema.

Selina aliketi juu ya jabali. Hakulia. Machozi alikuwa ameyamaliza saa nane na dakika tano, saa ambayo haikuwepo.

Aikande aliongea na hospitali, akakata. Ndipo simu ya Thobias ilipoita, na jina likaandika kwenye kioo kilichopasuka: Dokta Nikodemu Picha.

"Usipokee," Aikande alisema.

Selina akapokea, akaweka sauti kubwa.

"Selina! Mwanangu!" Sauti ya Nikodemu ilikuwa imejaa sukari. "Nimekutafuta kwa shemeji yako mchana kutwa. Mama yako yuko hapa ofisini. Amekwisha kukuandikisha, amekusainia. Kesho asubuhi unaanza! Miezi minne unavaa koti."

Mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Huu ulikuwa umefunguliwa mpaka mwisho, na ndani yake taa zinawaka. Kwa sekunde moja, wasomaji, hatuwezi kuwaficha, Selina aliutazama kwa tamaa.

"Mama yupo hapo?" aliuliza.

"Nipo!" Mama Eufrasia alijibu kwa mbali. "Nimekusamehe! Rudi tu!"

"Na wateja wako wanakusifu," Nikodemu aliendelea. "Wale wanne uliowapima siku ile."

Aikande aligeuka kwa nguvu. "Wangapi?" alinong'ona. "Ulipima wangapi?"

"Wanne," Selina alisema, na uso wake ukabadilika rangi. "Dada Agnesi na wengine watatu."

"Wako wapi? Majina yao?"

"Siyajui. Yako kwenye daftari lake, yapo na mitaa yao."

"Na mmoja wao karudi leo hii," Nikodemu alikuwa bado anasema, kwa furaha. "Yuko hapa kitandani, anaona damu kidogo. Nimemwambia atulie, ni kawaida ya mapacha. Mama yako ananisaidia kumpaka jeli."

Mkono wa Aikande ukamkaza Selina begani. Selina akaivuta simu mdomoni.

"Dokta, nakuja. Nimekubali. Mpe mama simu nimshukuru."

"Mtoto mwenye akili! Mama, chukua."

"Ee, mwanangu?"

"Mama, usimjibu, unisikilize tu. Mimi sijui kupima. Agnesi hakuwa na mapacha, mtoto ni mmoja na kondo limeziba njia, sasa hivi yuko kwenye boti anakimbizwa hospitali. Huyo mama aliyelala hapo nilimpima mimi. Anavuja damu, mama. Bado wengine wawili hawajui. Kuna daftari la kijani juu ya meza. Lichukue, mshike huyo mama mkono, toka nje, simamisha bajaji ya kwanza mpaka hospitali. Usimwage hata neno."

Upande wa pili chupa ya jeli iliwekwa mezani.

"Mama? Ukifanya hivyo Nikodemu hatanipokea tena. Mwanza imekwisha. Sitakuwa na chuo chochote. Nimelijua hilo. Fanya tu."

Pumzi za Mama Eufrasia zilisikika, nzito, za mwanamke aliyesaini fomu dakika kumi zilizopita na wino haujakauka.

Kisha benchi likaanguka. Mlango ukabamizwa. Na sauti ya Dokta Nikodemu, bila tone la sukari, ikapasua simu mpaka ndege wakaruka jabalini:

"Mwizi! Mkamateni huyo mama, mwizi!"